Daktari wa Viungo na Swali Lake

Mwaka 1993 jarida la kitabibu la The Journal of Rheumatology lilichapisha makala iliyotoka Kigali. Wakati huo UKIMWI ulikuwa umeuelemea mji, na wodi za magonjwa ya ndani za hospitali ambayo leo inaitwa CHUK zilikuwa zikipokea wagonjwa ambao kilichowaleta hakikuwa kikohozi wala kuhara, bali viungo: goti limefura ghafla, kifundo cha mguu hakikanyagiki. Madaktari hawakuishia kuandika dawa ya maumivu. Waliwachunguza wagonjwa wa aina hiyo mmoja baada ya mwingine, wakawapima, wakalinganisha. Makala yao ilieleza jinsi uvimbe wa ghafla wa viungo na maambukizi ya VVU vilivyokuwa vikienda pamoja nchini Rwanda.

Walioiandika walikuwa mchanganyiko wa watu. Walikuwemo Philippe Blanche na Alain Saraux kutoka Ufaransa, Henri Taelman wa Ubelgiji, na wenzao wa Rwanda kama Batungwanayo, ambaye jina lake linaonekana pia kwenye tafiti za kifua kikuu za Kigali ya miaka ileile. Mwaka 1997 kundi hilo likatoa makala nyingine, safari hii katika jarida la Uingereza, likionyesha kwamba VVU humweka mtu kwenye hatari kubwa zaidi ya kiungo kutunga usaha.

Kati ya makala hizo mbili kuna 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, wakiwemo madaktari na wauguzi, na wahudumu wengine wengi wakakimbia nchi. Saraux aliendelea na kazi Brest, magharibi mwa Ufaransa, akawa profesa wa magonjwa ya viungo. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo. Lakini swali lililozaliwa wodini Kigali lilikosa wa kulilea pale lilipozaliwa, na pengo hilo ndilo linalofanya suala la kuwafunza madaktari watafiti wa viungo liwe zito kwa Rwanda na majirani zake.

Magonjwa yenyewe ni mengi, zaidi ya mia moja. Watu wengi, kuanzia Nyamirambo hadi Kariakoo, huyajumlisha yote kuwa baridi yabisi au uzee. Uzee una sehemu yake, kwani gegedu la goti huchakaa. Ila athritisi ya rumatoidi ni jambo jingine kabisa. Humo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huushambulia utando laini wa ndani ya kiungo, na mara nyingi ugonjwa huo humpata mwanamke aliye bado katika umri wa kulea na kufanya kazi. Asipotibiwa mapema mifupa huliwa pembeni, vidole hupinda, na mkono haukamati tena jembe wala sindano ya kushonea. Lupasi huvamia ngozi, viungo, figo, damu, hata ubongo. Jongo hutokana na chembe za asidi ya uriki zinazoganda ndani ya kiungo. Kuna pia homa ya baridi yabisi ya watoto, inayoanza na koo kuuma, ikapita kwenye viungo, kisha ikaacha kovu kwenye vali za moyo.

Ukitaka kuona kwa nini fani hii inahitaji jicho la mtafiti, tazama daktari anavyompima mtu mwenye rumatoidi. Hukaa naye uso kwa uso, akaushika mkono, akabonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja kwa vidole gumba, kwa nguvu inayotosha ukucha wake mwenyewe kupauka. Viungo vinavyohesabiwa ni 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, magoti, na vifundo 20 vya vidole vya mikono. Daktari huandika namba mbili, vingapi vinauma na vingapi vimevimba, kwa sababu kuuma na kuvimba si kitu kimoja. Halafu huuliza: asubuhi ukiamka, vidole hukaza kwa muda gani kabla ya kulegea? Dakika tano hazina uzito sana. Saa nzima ina maana kubwa. Hakuna mashine ya kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Ugonjwa unasomwa kwa vidole na kwa masikio, na anayeusoma hivyo kila siku ndiye anayeweza kugundua pale vitabu vinapokosea.

Na vitabu hukosea. Picha za lupasi ambazo zimesomesha vizazi vya wanafunzi huonyesha wekundu mashavuni kwa umbo la kipepeo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kuna weusi uliokoza, rangi ya zambarau, au mabaka yaliyopauka, na daktari aliyefundishwa kutafuta wekundu atampita mgonjwa wake. Kuna pia dodoso maarufu la kupima ulemavu wa viungo, lililotungwa na James Fries na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 1980. Linamuuliza mgonjwa kama anaweza kufungua mlango wa gari, kufungua na kufunga bomba, kuoga kwenye beseni kubwa la kuogea. Mkulima wa Bugesera atajibu nini? Maisha yake yanapimwa kwa kuteka maji, kupanda mlima na mzigo kichwani, kukamua nguo, kuinama shambani. Kurekebisha dodoso kama hilo ni utafiti halisi, wenye kanuni na hesabu zake, na haufanywi na mtu asiyewajua wagonjwa.

Daktari mtafiti basi ni mtu anayesimama sehemu mbili kwa wakati mmoja: anamtibu mgonjwa, na anayageuza anayoyaona kwa mgonjwa kuwa swali linaloweza kujibiwa kwa ushahidi. Fani ya viungo ina mifano ya kusisimua.

Philip Hench alikuwa daktari wa viungo katika Mayo Clinic, Marekani. Mwaka 1929 aliona ajabu: mgonjwa wa rumatoidi aliyepata ugonjwa wa manjano wa ini alipata nafuu ya viungo. Baadaye akaona wanawake wajawazito nao hupata nafuu. Akajiuliza, ni kitu gani mwilini kinacholeta nafuu hiyo? Ilimchukua karibu miaka 20, akishirikiana na mwanakemia Edward Kendall, hadi Septemba 1948 walipomdunga mgonjwa wa kwanza dawa ambayo baadaye iliitwa kortisoni. Mwaka 1950 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tadeus Reichstein. Prednisoloni inayopatikana leo kwenye maduka ya dawa ni ndugu wa dawa hiyo, pamoja na madhara yake yote kwa mifupa, sukari na shinikizo la damu inapomezwa muda mrefu bila uangalizi.

Mfano wa pili una mizizi Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba hautajwi sana huku. Ravinder Maini alizaliwa Punjab mwaka 1937, akalelewa Uganda. Baba yake, Sir Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Kijana huyo alikwenda Uingereza, akasomea udaktari, akawa bingwa wa viungo London. Pale Taasisi ya Kennedy alishirikiana na Marc Feldmann, mtaalamu wa kinga ya mwili. Feldmann na kundi lake walikuwa wamegundua kwamba katika utando wa viungo vya wagonjwa kuna kemikali moja, TNF, inayochochea nyenzake zote. Ikizuiwa hiyo, je, moto utazimika? Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross, wagonjwa wa kwanza walipewa kingamwili ya kuizuia, na watu waliokuwa wakijikokota wakaanza kupanda ngazi. Leo dawa za aina hiyo hutumiwa na mamilioni ya watu duniani, na mwaka 2003 wawili hao walipata Tuzo ya Lasker. Maini alileta wagonjwa na maswali yao, Feldmann akaleta maabara.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Lulindi, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1952 hadi 1953 watu wa nyanda za Makonde walikumbwa na homa iliyowapiga viungo hadi wasiweze kusimama wima. Daktari wa misheni, Marion Robinson, aliandika dalili zake kwa makini, mgonjwa kwa mgonjwa, W. H. R. Lumsden akafuatilia kuenea kwake na mbu, na R. W. Ross akavichambua virusi katika taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe. Makala zao zilitoka 1955 na 1956, na dunia ikapata habari za chikungunya, ambayo tangu hapo imevuka bahari hadi Asia na Amerika, ikiwaacha baadhi ya watu na maumivu ya viungo kwa miezi. Yote hayo yalianza na daktari wa hospitali ya kijijini ambaye hakukubali kuandika neno "homa" tu kwenye faili.

Mtu wa aina hiyo hupatikanaje? Njia ni ndefu. Baada ya shahada ya udaktari na mwaka wa mazoezi, anayetaka kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani katika Chuo Kikuu cha Rwanda husoma miaka minne ya uzamili, akizunguka wodi za CHUK, CHUB ya Huye, Hospitali ya King Faisal na hospitali ya kijeshi ya Kanombe, na lazima aandike tasnifu. Juu ya hapo ubingwa wa viungo hudai takriban miaka miwili zaidi. Na kama anataka kuwa mtafiti kamili, kuna shahada ya uzamivu, ambayo ni miaka mingine mitatu hadi mitano ya kujifunza takwimu, maabara au epidemiolojia. Aliyeanza akiwa na miaka 19 humaliza nywele zikianza kuchanganya mvi, akiwa na watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea.

Marekani ililiona tatizo hili mapema. Mwaka 1964 serikali yake ilianzisha mpango wa kuwalipia wanafunzi wanaosoma udaktari na uzamivu kwa pamoja. Hata hivyo mwaka 1979 James Wyngaarden, daktari ambaye mwenyewe alijulikana kwa utafiti wa jongo, aliandika makala iliyotikisa wenzake akionya kwamba daktari mtafiti ni kiumbe aliye hatarini kutoweka. Miaka michache baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi za taifa za afya za nchi hiyo. Ruzuku ambazo taasisi hizo huwapa madaktari vijana zina sharti moja linalostahili kuangaliwa kwa makini Kigali: hospitali au chuo lazima kiahidi kwamba angalau asilimia 75 ya muda wa kazi wa mpokeaji itakuwa ya utafiti na mafunzo yake. Sharti hilo linamlinda mtu na mwajiri wake mwenyewe.

Muda ndio kiini cha jambo, kuliko hata vifaa. Daktari bingwa wa Kigali huanza asubuhi na mzunguko wa wodi, akaenda kliniki ambako foleni imejaa tangu alfajiri, akafundisha wanafunzi, akasimamia tasnifu, akashika zamu ya usiku. Utafiti unabaki kuwa kazi ya Jumapili. Tasnifu ikishapita, wengi huifungia kabatini, kwa sababu hakuna anayewauliza tena habari zake. Mtu hafiki mbali na swali analoligusa saa mbili kwa mwezi.

Rwanda haianzi na mikono mitupu. Mwaka 2012 ilizindua mpango wa rasilimali watu katika afya ulioleta walimu kutoka vyuo vikuu vya Marekani kufundisha bega kwa bega na Wanyarwanda, na mwaka 2023 wizara ya afya ikatangaza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Nchi inajua pia daktari mtafiti ni nani, kwa kuwa inao. Waziri wa afya, Sabin Nsanzimana, ni daktari mwenye uzamivu wa epidemiolojia kutoka Basel. Leon Mutesa, daktari wa jenetiki aliyesomea uzamivu Liège, alishirikiana na mwanahisabati Wilfred Ndifon wa taasisi ya hisabati ya AIMS wakati wa COVID-19 kubuni njia ya kupima sampuli nyingi kwa pamoja, na kazi yao ikachapishwa katika Nature. Aline Uwimana wa RBC, kituo cha taifa cha afya ya umma, aliongoza utafiti wa 2020 uliothibitisha vimelea vya malaria sugu kwa artemisinini nchini. Na virusi vya Marburg vilipogunduliwa nchini Septemba 2024, chanjo ya majaribio ilianza kutolewa kwa wahudumu wa afya siku 9 tu baada ya mlipuko kutangazwa. Matibabu na utafiti vilikwenda sambamba, na mji ulionyesha kwamba unaweza.

Mifano hiyo ya utafiti yote ni ya maambukizi. Fedha za wafadhili hufuata VVU, malaria na milipuko, na kwa sababu nzuri. Ugonjwa wa viungo hauui haraka, haugongi vichwa vya habari, na mwathirika wake mara nyingi ni mwanamke wa kijijini anayeambiwa avumilie. Lakini mwaka 2005 watafiti walipozunguka Rwanda nzima wakachunguza watu 6,757, walikuta asilimia 5.2 wana ulemavu wa mifupa, misuli au viungo, na kundi kubwa zaidi la visababishi halikuwa ajali wala maambukizi. Huo ni mzigo wa taifa, na hauwezi kuendelea kusubiri zamu yake baada ya kila kitu kingine.

Majirani wana la kufundisha. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako Profesa Omondi Oyoo amekuwa nguzo ya fani hii kwa miaka mingi, kinafunza mabingwa wa viungo hapohapo, na mradi uliopewa jina la UWEZO ulifundisha wakufunzi wa Kenya ambao nao waliwafundisha wahudumu wa afya kutambua magonjwa haya mapema. Angela Migowa alisomea magonjwa ya viungo ya watoto Montreal, akarudi Nairobi kuyatibu na kuyaandikia katika Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kule Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Glasgow walikwenda nyumba kwa nyumba wilayani Hai kutafuta ukubwa wa tatizo na gharama yake kwa kaya. Kwa Rwanda na Ethiopia, shirika la Rheumatology for All, lililoasisiwa na daktari Mmarekani Michele Meltzer, limesaidia kuwafunza madaktari wa ndani bila kuwahamisha moja kwa moja, kwa masomo ya video na kwa mabingwa wanaokuja kufundisha kando ya kitanda cha mgonjwa. Mtindo huu unastahili sifa. Anayesomea nyumbani hujifunza kwa wagonjwa atakaowatibu, na ana sababu chache zaidi za kutorudi.

Kasoro yake ni kwamba ubingwa peke yake hauzai utafiti. Atakayehitimu atazamishwa na foleni siku ya kwanza, kwa kuwa mabingwa wenzake ni wa kuhesabika. Na maswali yanayomngoja hayawezi kujibiwa Boston wala Brest. Dawa za kuzuia TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Zitatolewaje kwa usalama mahali ambapo watu wengi wamewahi kuambukizwa? Kipimo cha damu cha rumatoidi huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiye nao, kwa sababu malaria na maambukizi mengine huchochea kingamwili zilezile. Kiamuliwe kwa kiwango gani Rwanda? Tayari mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalionekana haba mno kwa wagonjwa wa hospitali, akashuku kwamba vimelea kama vya malaria huenda vinawakinga watu. Kama alikuwa sahihi, basi nchi inayoipunguza malaria itegemee nini kwenye viungo vya watu wake? Na watoto je? Katika shule za wilaya ya Gasabo, hapo Kigali, uchunguzi wa moyo kwa watoto 2,501 uliochapishwa na Joseph Mucumbitsi na wenzake ulikuta 17 wana dalili za moyo ulioathiriwa na homa ya baridi yabisi. Hao walipita kwenye hatua ya koo, pengine na ya viungo, bila kutambuliwa na yeyote.

Kinachohitajika si jumba jipya. Kamati za maadili za utafiti zipo, maabara zipo, bima ya Mutuelle de Santé huwafikisha wagonjwa hospitalini, na wahudumu wa afya ya jamii wanajua ni nyumba gani ina mama asiyeweza kushika kijiko asubuhi. Kinachokosekana ni barua ya ajira iliyoandikwa tofauti: inayomtaja daktari kuwa wa kliniki na wa utafiti kwa pamoja, inayomtengea siku mbili za wiki ambazo hakuna anayeruhusiwa kumpangia zamu, inayompa mlezi aliyebobea hata kama yuko Nairobi, na inayompandisha cheo kwa makala anazochapisha kama anavyopandishwa kwa miaka aliyotumikia. Barua kama hiyo inaweza kuandikwa na hospitali moja, kwa daktari mmoja, mwaka huu wa bajeti.